Nyasi za Aurelia

Kulipambazuka Vitalis hajafika, na Aurelia hajapata usingizi.

Usiku kucha mvua ilipiga bati la nyumba ya baba yake kama mtu anayemimina mahindi, na kila ilipopumua yeye aliinua kichwa kitandani, akasikiliza kama mbwa wa jirani anambwekea mgeni. Mbwa hakubweka. Kilichosikika ni kikohozi cha baba upande wa pili wa ukuta, na alfajiri hata hicho kikanyamaza.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya sengu. Wazee wa ukoo wangekuja jioni, jua likiwa bado liko juu ya milima, wangeketi uani kwa baba yake, Mzee Mansuetus, wangekula pamoja chakula kilicholetwa na kila nyumba, na chakula kikiisha, kabla ya kunawa mikono, wangesema kama Aurelia ataolewa na yule Mnyasa au hataolewa. Mwanamume mwenyewe alitakiwa awepo. Aliahidi kufika kijijini Maguu jana jioni pamoja na wageni wake, alale kwa katekista, asubuhi aoge, avae shati lake jeupe. Na ukoo ule ulikuwa na neno lake la zamani: asiyekuja kula amekwisha kujibu.

Atakuja, Aurelia alijiambia huku anafunga khanga kiunoni. Kisha akajiambia tena, maana mara ya kwanza hakujiamini.

Vitalis alizaliwa Mbamba Bay, miguu majini. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu waliokuja kupumzika. Aliwafundisha kupiga kasia kwenye mitumbwi myembamba ya plastiki, akawavalisha miwani ya kuzamia wakaone samaki wa rangi wanaoishi kwenye mawe, akawalaza kwenye mahema ufukweni. Waliokuwa na pumzi aliwapandisha milimani kwa miguu, kutoka joto la ziwa mpaka kwenye baridi ya Umatengo. Na watu walimlipa kwa hilo. Ndilo jambo ambalo shangazi Walburga, dada yake baba, hakuweza kulimeza.

"Kazi gani ya kumtembeza mtu mwenye miguu yake?" aliuliza siku jina la Vitalis lilipotajwa kwanza pale nyumbani. "Kipofu, sawa. Mlevi, sawa. Lakini mtu mzima, amekula ameshiba, unamtembeza umpeleke wapi?"

Wote walicheka, isipokuwa Aurelia na baba. Baba alisema tu kwamba watu wa ziwani hawana jembe, na mtu asiye na jembe huwezi kumjua tabia yake. Tangu hapo kila alipoulizwa alijibu hapana. Alipochoka kusema hapana alianza kutoka nyumbani alfajiri, na kifua chake kile kibovu, akisema anakwenda kuangalia kahawa.

Aurelia hakumbishia. Angesema nini? Angemwambia baba yake kwamba siku kwaya ya kigango ilipokwenda kutembea Mbamba Bay, mwanamume mmoja alimwona amesimama majini hadi magotini, anaogopa, akamsogelea bila kumcheka? Kwamba alimwambia, "Dada, maji hayapendi kupiganwa nayo. Jilaze taratibu, yatakubeba"? Alijilaza. Kiganja cha mwanamume yule kilikuwa chini ya mgongo wake, hakikumgusa, kilikuwepo tu, endapo kingehitajika. Alipogeuza uso aliyakuta macho ya Vitalis yanamtazama namna ambayo hakuna aliyewahi kumtazama nayo Maguu, ambako msichana hutazamwa kama gunia linalokadiriwa uzito. Tangu siku hiyo Aurelia alikuwa anaelea hata akiwa anapalilia. Mambo ya namna hiyo baba haambiwi.

Alijaza chai kwenye chupa, akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akatoka bila kuaga. Kitanda cha baba kilikuwa kitupu, kama kawaida ya siku hizi. Akashika njia ya mlimani, ile ile ambayo yeye mwenyewe alimwonyesha Vitalis, akawa anapanda kati ya mashimo ya kilimo cha ngoro yaliyojaa maji ya usiku. Ukungu ulikuwa mzito. Aliita jina lake, ukungu ukalimeza. Akaita tena. Mawazo yakaanza kumla. Ameteleza kwenye genge. Ameumwa na nyoka. Au, na hili ndilo lililomchoma kuliko nyoka, amebadili nia, amewashusha wageni wake kwa njia nyingine, yuko ufukweni anakausha makasia.

Ndipo akasikia harufu ya moshi.

Mahema mawili ya rangi ya chungwa yalikuwa yamesimama pabaya, katikati ya mteremko, yamelegea kwa maji. Mbele yake Vitalis alikuwa amepiga magoti anapuliza moto uliokataa kuwaka. Alisikia hatua, akageuka. Uso wake ulikuwa umechoka, umepakwa masizi, macho mekundu, na yale macho yalipomwona Aurelia yalijaa kitu kilichofanya miguu yake isahau mlima wote ule.

"Aure," alisema.

Walikumbatiana, matope kwa matope, mbele ya wageni watatu waliojifanya wanakunja kamba. Mgeni wa nne alikuwa ndani ya hema. Vitalis alimweleza kwa sauti ya chini. Ukungu uliwakuta jana jioni, kisha mvua. Mwalimu Gaudiosa, mama mstaafu kutoka Songea ambaye siku iliyotangulia aliogelea ziwani kuliko vijana wote, aliteleza akaumia kifundo cha mguu. Kumshusha gizani kwenye utelezi ilikuwa sawa na kumwua. Wakapiga mahema pale pale walipokuwa. Maji yakapita chini ya hema kama mfereji, mfuko wa kulalia ukaloa, na yule mama akaanza kutetemeka. Mwisho akaacha kutetemeka, akawa anamwita Vitalis kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani. Hapo Vitalis alijua anampoteza.

"Nikamulika tochi, nikaona nyasi zimekatwa tayari. Nikamshukuru Mungu. Nimezibeba mikono kwa mikono, nimemtandikia nene, nimemzungushia pande zote. Zile za chini zilizokuwa kavu nimechemshia maji. Alfajiri akaniuliza kama kuna chai. Nimelia, Aure. Mimi, mtu mzima."

Aurelia alikuwa anamimina hiyo chai, anacheka na kufuta machozi kwa pamoja, akimwambia sasa washuke, bado mapema, atawahi kuoga. Kisha mkono wake ukasimama.

"Vitalis, nyasi umezitoa wapi?"

"Hapa hapa. Zilikuwa zimetupwa shambani."

"Zilikuwa zimetupwa vipi?"

Alimwonyesha kwa viganja. Mistari inayoshuka, na mingine inayoikata. "Kama mtu aliyeanza kuzikusanya akachoka."

Maskini Vitalis. Mashimo ya ngoro alikuwa ameyaona tangu utoto, yakiwa yamekamilika, maharage yamesimama juu ya kingo zake. Namna yanavyoanza hakuwahi kuiona. Kwao ziwani watu hupanda muhogo kwenye matuta, na nyasi zilizokatwa ni za kuezekea au za kuchoma. Hakujua kwamba huku milimani mwanamume hukata nyasi na kuzilaza mistari kwa mistari mpaka mlima wote uwe miraba, ndipo mwanamke aje na jembe, achimbe katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo. Bila ile mistari hakuna shamba.

Ukungu ulikuwa unapanda. Aurelia aliutazama mteremko ukijifunua kidogo kidogo, matope, nyayo, nyasi zilizopondwa, na huko juu, chini ya jiwe, kona moja tu yenye miraba iliyosalia, imenyooka kama imepigwa kamba. Mteremko ule aliujua. Lilikuwa shamba la marehemu mama yake. Tangu azikwe hakuna aliyelilima.

"Ni shamba la mtu," alisema polepole. "Zililazwa hizo."

"Basi nitamtafuta mwenyewe nimwombe radhi kabla ya sengu. Nani mwenyewe?"

Kilichojibu ni kikohozi, kutoka upande wa njia.

Mzee Mansuetus alitokea ukunguni na nyengo yake ya kukatia nyasi begani na fimbo mkononi, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nyuma yake alikuja shangazi Walburga, aliyemkuta njiani ameketi kupumzika, na jembe lake, mdomo umeanza zamani. Alikuwa anamwambia kaka yake kwamba kifua chake kitamzika kabla binti hajaolewa, kwamba wazee wanakuja na yeye anazurura milimani kama watu wa yule mtembezaji. Alipoyaona mahema akanyamaza, na Walburga kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha.

Vitalis aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akainama. "Shikamoo, mzee."

Baba alilitazama shamba. Alilitazama kuanzia chini mpaka juu, kisha kuanzia juu mpaka chini. Shikamoo ile ilibaki hewani, haikupokewa, kila mtu anaiona.

"Kaka," shangazi alinong'ona. "Ndiyo hizi?"

"Ndizo."

Hakuna aliyehitaji kumweleza Aurelia. Alikuwa ameona zikilazwa kwa dada yake Hildegardi. Katika ukoo wao baba hasemi ndiyo kwa mdomo. Mdomo waweza kusema hapana mwaka mzima, wala hakuna anayeujali. Baba akikubali kumtoa binti humlazia nyasi kwenye mteremko. Binti huzifukia, hupanda maharage, na maharage yale ya kwanza huingia naye nyumba ya mumewe. Ndizo wazee wa sengu huuliza kabla ya kula: zimelazwa? Na hulazwa mara moja tu kwa kila binti, kwa mkono wa baba mwenyewe.

Kahawa gani ya kuangaliwa kila alfajiri mwezi wa Machi? Angepaswa kujiuliza mapema. Mzee wa watu alikuwa anapanda mlima na mapafu yake mabovu, anakata, anakohoa, anapumzika, analaza. Anasema hapana kwa mdomo, ndiyo kwa mikono. Na ndiyo hiyo ya mikono, Vitalis sehemu ameitandika kitanda, sehemu ameitia motoni.

"Mzee, sikujua," Vitalis alisema.

"Ndiyo ubaya wenyewe." Sauti ya baba haikupanda. Ingepanda, Aurelia angepata nafuu. "Nilisema mtu asiye na jembe humjui tabia. Kisha nikajisuta. Nikasema labda mtoto ameona kitu nisichokiona mimi. Nikaja hapa kwa mama yake nikakata. Leo nilikuwa namalizia mistari ya chini. Wewe umezilalia."

Kutoka hemani sauti ya mwanamke ikasema kwa udhaifu, lakini kwa ile namna ya mwalimu asiyekatizwa, kwamba aliyezilalia ni yeye, na bila hizo mzee angekuta maiti shambani kwake. Baba alivua kofia, akampa pole ya mguu, akamwambia kwamba hana neno naye. Kisha akaivaa kofia tena.

Vitalis aliomba apewe ile nyengo. Alisema atakata nyingine, leo, mlima mzima. Alinyoosha mkono, baba akairudisha nyengo nyuma ya mgongo.

"Hazilazwi mara mbili. Na hazilazwi na mkwe." Akatua, akavuta pumzi. "Wala wewe si mkwe."

Aurelia alimvuta Vitalis pembeni, nyuma ya hema, akamshika shati kifuani, hajui kama anamvuta au anamsukuma.

"Ungeuliza."

"Nimwulize nani, Aure? Ukungu?"

"Ungesubiri kuche."

"Asingefika kucha."

Alilijua hilo. Alilijua vizuri, na lilimzidishia hasira, maana hasira isiyo na pa kwenda humrudia mwenyewe. Akamwambia kwamba baba yake alizikata akitema damu, kwamba hakuna mtu aliyewahi kupendwa na baba hivyo, na yeye binti mwenyewe hakupata hata kuziona zikiwa zimekamilika. Vitalis alisikiliza yote. Machozi yalimtiririka juu ya masizi, hakuyafuta.

"Nikwambie ukweli au nikubembeleze?"

"Niambie."

"Hata kama ningejua, ningezichukua."

"Hata kama ungejua ni zangu?"

"Hata kama. Nisingeweza kumwacha mama wa watu afe pale, halafu mimi nikaja kwenu kuvaa shati jeupe na kula."

Aurelia alimwachia shati. Hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yeye wakati ule, na hakuwahi kumpenda mtu hivyo pia, na mambo yale mawili yalimjia pamoja. Vitalis alingoja neno. Alingoja akimtazama usoni, kama anayesoma kitu kwa mara ya mwisho. Neno halikuja.

"Basi," alisema. "Sitakaa mbele ya baba yako nikala chakula chake baada ya hili. Nitamfikisha mwalimu hospitali Mbinga, nitarudi ziwani. Sitakuja kukuaibisha tena, Aure."

Alikwenda akainama mbele ya hema, wageni wakampandisha Mwalimu Gaudiosa mgongoni, wakakunja mahema, wakaanza kushuka. Yule mama aligeuza kichwa akamtazama Aurelia, kama anayetaka kusema jambo la kike, lakini ukungu ukawachukua.

Aurelia alitoa simu. Mtandao hakuna. Akaiinua juu, kama kwamba ungekuwepo huko. Hakuna.

"Acha aende," shangazi Walburga alisema, kwa upole usio wake. "Mwanangu, acha aende. Wazee wataambiwa hazikulazwa. Yaishe."

"Zililazwa," Aurelia alisema.

"Ziko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye ile kona, chini ya jiwe.

"Zile? Zile hazitoi hata kibaba cha maharage."

Aurelia alimfuata shangazi yake akamshika jembe. Shangazi alilikaza, akamtazama, kisha vidole vyake vikalegea vyenyewe. Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, anapigana na pumzi yake. Alisema bila kumwangalia binti yake:

"Kilichofukiwa kabla wazee hawajakaa ndicho chako. Ukiondoka hapa ukamkimbilia, huna kitu, na sitaongeza unyasi mmoja. Chagua mwenyewe."

Sauti za wageni zilikuwa bado zinasikika huko chini, mtu anamwambia mwenzake aangalie jiwe. Angekimbia, angewakuta kabla ya barabara. Angemwambia yote aliyoshindwa kuyasema. Angemwambia, wewe mjinga, kona imebaki. Mwili wake wote ulikuwa umekwisha kugeukia njia. Na akikimbia, atakuwa amempata mwanamume na kumpoteza baba, na atamletea Vitalis mikono mitupu, aibu juu ya aibu yake.

Alipanda kwenye kona. Akainua jembe, akalishusha katikati ya mraba wa kwanza. Udongo ulikuwa mzito kwa maji, ukamrukia usoni, ukachanganyika na machozi. Akafukia mstari wa kwanza. Akafukia wa pili. Akichimba anasikia sauti kule chini zinafifia, na kila moja iliyokufa alilishusha jembe kwa nguvu zaidi ili asisikie ijayo. Shangazi Walburga alivunja kijiti, akakitupa, akavunja kingine.

Ile miraba ikaisha. Ilikuwa michache kuliko ilivyoonekana. Aurelia alisimama mwisho wa nyasi, mbele yake matope matupu. Alilishusha jembe kwenye yale matope hivyo hivyo, kwa upofu, akachimba, akarusha, akachimba.

"Umepinda," baba alisema.

Aligeuka. Mzee alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yake, anaegemea fimbo.

"Mstari hauonekani, baba. Haupo."

"Ulipita hapa." Aliiweka ncha ya fimbo matopeni, akaanza kuiburuta, polepole, akirudi kinyumenyume na kukohoa, mstari mmoja mrefu ulioshuka mlima. "Na mwingine ulikata hapa. Nimeilaza mwenyewe, nitaisahau? Wakiniuliza kama zililazwa, sitasema uongo. Zililazwa. Chimba."

Shangazi Walburga alifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Aurelia alitaka kumwangukia baba yake miguuni, lakini baba alikwisha kwenda mraba wa pili, na jua, huko nyuma ya ukungu, halikuwa linamsubiri mtu. Alichimba. Alichimba mpaka viganja vikachubuka. Katikati ya hayo yote moyo wake ulikuwa barabarani, kwenye gari linalokwenda Mbinga, kwa mwanamume aliyeegemeza kichwa dirishani akiamini yamekwisha.

"Utamaliza jioni," baba alisema. "Yule atakuwa amekwisha kufika hospitali, pengine ameshaondoka. Na wazee watakuwa wameketi, chakula kimewekwa, wanauliza mwanamume yuko wapi."

"Namaliza hapa, kisha namfuata. Mbinga, ziwani, popote alipo."

"Na wazee je?"

Aurelia alivuta pumzi, akainua jembe.

"Waambie wale polepole, baba."